Waacheni Waulize

Jioni ya leo nakuchukua hadi Montreal, mji wa Kanada unaozungumza Kifaransa na Kiingereza, na ambao ukizunguka mitaa yake utawakuta Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wakisalimiana kwa Kiswahili. Twende huko Jumatano ya tarehe 29 Juni 2016, alasiri.

Alasiri hiyo klabu ya hoki ya barafuni ya Montreal Canadiens ilitangaza kwamba beki wake, P.K. Subban, amekwenda Nashville, Marekani, na badala yake anakuja beki wa Nashville, Shea Weber. Mtu kwa mtu, bila nyongeza. Dakika chache kabla, Edmonton Oilers walikuwa wamemtoa mshambuliaji wao Taylor Hall kwenda New Jersey wakapewa beki Adam Larsson. Ndani ya nusu saa, miji miwili ya Kanada ilikuwa imepoteza vipenzi vyake, na kila redio ya michezo nchini humo ikawa haina habari nyingine.

Leo sitaki sana kuzungumzia nani alipata na nani alipatikana, ingawa huko nako tutafika. Nataka kuzungumzia ugomvi uliofuata, maana ugomvi huo unarudi kila msimu, katika kila klabu yenye watu wanaoipenda. Mashabiki waligawanyika. Wapo waliosimama na waandishi na wachambuzi wakisema meneja mkuu, Marc Bergevin, amefanya kosa kubwa. Wapo waliowageukia waandishi wenyewe: nyinyi ndio mnaoiharibu timu, nyinyi hamjawahi kuona jema, acheni watu wafanye kazi. Mimi nina msimamo katika jambo hili na nitausema. Lakini kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe.

Wengi wetu tukisikia hoki tunafikiria mpira wa magongo wa nyasini. Huu wa barafuni kwetu ni mgeni, ingawa si mgeni kabisa. Nairobi, katika hoteli moja kando ya Barabara ya Mombasa, kuna uwanja mdogo wa barafu, na vijana wa Kenya Ice Lions wamekuwa wakifanya mazoezi hapo tangu 2016. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama hizi. Timu huingiza uwanjani watu 6, kipa akiwemo, wakiteleza kwa viatu vyenye chuma cha makali, na wanachogombea ni kisahani kigumu cha mpira kinachoruka kwa kasi ya kutisha.

Sasa, ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Montreal walilia siku ile, lazima uelewe jinsi mchezaji anavyohama katika ligi ya NHL. Katika soka, Simba ikimtaka mchezaji aliye kwenye mkataba na Yanga, klabu zitapatana ada, halafu mchezaji mwenyewe atakaa mezani ajadili masilahi yake na kutia sahihi. Asipotaka, hakuna uhamisho. NHL haiendi hivyo. Mchezaji hanunuliwi. Anabadilishwa kwa mchezaji mwingine, au kwa nafasi ya kuchagua chipukizi katika uteuzi wa kila mwaka. Mkataba wake unahama naye jinsi ulivyo, mshahara uleule na miaka ileile. Hakuna anayemuuliza. Simu inaita, anaambiwa umekuwa wa Nashville, mengine ya mke na shule za watoto atayapanga baadaye.

Kinga yake ni moja tu: kipengele cha mkataba kinachoizuia klabu kumhamisha bila ridhaa yake. Subban alikuwa nacho. Mkataba wake wa Agosti 2014, wa miaka 8 na dola milioni 72, ulisema kipengele hicho kitaanza kazi tarehe 1 Julai 2016. Yeye akahamishwa tarehe 29 Juni. Siku 2 kabla.

Ligi hiyo ina pia kikomo cha mishahara. Kwa msimu uliokuwa unafuata hakuna klabu iliyoruhusiwa kuzidisha dola milioni 73 kwa kikosi chake chote, na Subban peke yake alihesabiwa milioni 9 kwa mwaka. Kwa hiyo meneja mkuu wa klabu ya hoki ni mtu mwenye mamlaka makubwa mno. Akikosea mkataba mmoja, kosa hilo linakaa kwenye hesabu zake kwa miaka, hawezi kulifunika kwa kumwomba tajiri aongeze fedha. Na mtu huyo hachaguliwi na mashabiki. Klabu ya Canadiens haina wanachama wa kupiga kura kama zilivyo klabu zetu nyingi. Ina mwenye mali, familia ya Molson na washirika wake. Shabiki anayelipa kiingilio kwa miaka 30 hana mkutano mkuu wa kusimama na kuuliza.

Hapo ndipo mwandishi anapoingia. Yeye ndiye anayekaa kwenye chumba cha mkutano na waandishi, mbele ya meneja mkuu, na anaweza kuuliza swali ambalo fundi bomba wa mtaa wa Verdun na dereva wa teksi wa Côte-des-Neiges wanalo kifuani. Ukimnyamazisha huyo, umejinyamazisha mwenyewe. Huo ndio msimamo wangu, na sitauacha hata nikikubali makosa ya waandishi, ambayo nayo yapo, tena mazito.

Subban alikuwa nani kwa Montreal? Baba yake alitoka Jamaica, mama yake kisiwa cha Montserrat, yeye akazaliwa Toronto, mji ambao Montreal haiupendi hata kidogo kwenye barafu. Hata hivyo mji ulimchukua kama mtoto wake. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi nzima. Septemba 2015 aliahidi kuichangishia hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10 katika miaka 7, ahadi iliyowashangaza hata waliozoea ukarimu wa wanamichezo. Uwanjani alikuwa mtu wa kuthubutu. Alipanda mbele, alipiga kwa nguvu, alikosea na kuinuka, na akifunga alifurahi mpaka jukwaa la juu kabisa liliona meno yake.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Hoki ya barafuni ni mchezo wa watu wanaoona fahari kunyamaza. Ukifunga, inamisha kichwa. Ukiulizwa, sema timu imecheza vizuri. Novemba 2010, Subban akiwa ndiyo kwanza anaanza, nahodha wa Philadelphia, Mike Richards, alilalamika hadharani kwamba kijana huyu anajiona, na kwamba heshima ya ligi hii haipewi mtu bure. Kuanzia hapo neno likashika. Mwaka baada ya mwaka, katika studio na kurasa za michezo, Subban alizungumzwa kwa tabia yake: anajionyesha, anapenda kamera, wenzake wamemchoka. Ushahidi wa hayo? Chanzo kilichomo chumba cha kubadilishia nguo. Chanzo gani? Hakitajwi.

Na Subban ni mweusi, katika mchezo wenye wachezaji weusi wachache mno. Mei 2014 alipowafunga Boston katika muda wa nyongeza, matusi ya rangi yalimwagwa mtandaoni hadi uongozi wa Boston wenyewe ukalazimika kuyakemea. Sisemi kila aliyekosoa uchezaji wake alikuwa mbaguzi. Beki anayepoteza kisahani karibu na lango lake anastahili kukosolewa, awe wa rangi yoyote. Ninachosema ni kwamba mwandishi anapoandika mara 100 kuwa mtu fulani anajiona, bila kuonyesha kitendo kimoja alichomtendea mwenzake, hayo si uchambuzi, ni majungu.

Msimu wa 2015 hadi 2016 ulianza kwa shangwe. Canadiens walishinda mechi zao 9 za kwanza mfululizo. Halafu Novemba kipa wao Carey Price, aliyekuwa amebeba timu mgongoni, akaumia goti, asirudi tena msimu ule. Timu ikaporomoka na haikufika hata hatua ya mtoano. Mtu yeyote mwenye macho aliona ugonjwa ulikuwa wapi. Lakini klabu kubwa ikianguka, mtu hutafutwa wa kutolewa kafara. Februari 2016, huko Colorado, Subban alipoteza kisahani mwishoni mwa mechi na wenyeji wakapata bao la ushindi. Kocha Michel Therrien alimweka benchi dakika zilizobaki, kisha akawaambia waandishi kwamba kosa la mtu mmoja limewagharimu mechi. Mechi moja kati ya 82, na timu ilikuwa imeshapoteza mechi chungu nzima bila kosa la Subban.

Hapa nawaomba mashabiki wanaochukia vyombo vya habari wanisikilize vizuri. Mnalalamika kwamba waandishi wa Montreal walimwonea Bergevin baada ya kumtoa Subban. Je, mmesahau kwamba kwa miaka kadhaa kabla ya hapo sehemu kubwa ya maneno ya vyombo hivyohivyo ilimlainishia Bergevin njia? Walimchora Subban kama mzigo wa chumba cha kubadilishia nguo, na siku meneja alipoutua mzigo huo, alikuwa anatumia picha waliyoichora wao. Waandishi hawakukosea kuwa wakali tarehe 29 Juni. Walikosea kutokuwa wakali kwa haki katika miaka iliyotangulia, walipomkandamiza mchezaji asiye na mamlaka na kumwachia nafasi mwenye mamlaka yote.

Siku chache kabla ya mabadilishano, Bergevin mwenyewe alikuwa amewaambia waandishi kwamba hamtembezi Subban sokoni. Pengine alisema kweli kwa maana yake mwenyewe, yaani wengine ndio waliokuwa wakimpigia simu. Lakini shabiki aliyenunua jezi namba 76 wiki ile alielewa nini? Ndiyo maana swali la waandishi baada ya hapo lilikuwa halali: ulituambia hivi, umefanya vile, kwa sababu gani?

Na sababu ya kimchezo ilikuwa ngumu kuiona. Subban alikuwa na umri wa miaka 27. Weber alikuwa anakaribia 31. Mkataba wa Subban ulikuwa unaisha 2022. Ule wa Weber, wa miaka 14 na dola milioni 110, ulikuwa unakwenda hadi 2026, atakapokaribia kufikisha miaka 41. Hayo hayakuhitaji mganga wala mtabiri. Yalikuwa yameandikwa, kila mtu aliyasoma siku ileile. Iliripotiwa pia kwamba mshauri wa takwimu wa klabu alipinga sana mabadilishano hayo ndani ya ofisi, na mkataba wake haukuongezwa. Na daktari mmoja wa Montreal, shabiki tu, alinunua ukurasa mzima wa gazeti la Gazette kwa fedha yake ili kumshukuru Subban. Nauliza, timu yenye mashabiki wa namna hiyo inaharibiwa na kukosolewa?

Shabiki wa upande wa pili atanijibu, na jibu lake nalijua, kwa sababu lina nguvu. Atasema, angalia kilichotokea. Weber alikuwa mtu wa shoka. Bila maneno, bila mbwembwe, mkwaju wake makipa waliuogopa. Oktoba 2018 alifanywa nahodha. Mwaka 2021 aliiongoza timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi hadi fainali ya Kombe la Stanley, yaani ya ubingwa wa ligi, ya kwanza kwa klabu hiyo tangu 1993. Nusu fainali waliimaliza tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, siku kuu ya watu wa jimbo la Quebec, bao la muda wa nyongeza, na mji mzima ukamwagika barabarani. Mwaka 2024 Weber aliingizwa kwenye Jumba la Watukufu wa mchezo huo. Wako wapi waandishi waliosema mabadilishano yale ni msiba?

Halafu wa upande wa kwanza naye hujibu: na mwaka 2017 Nashville walifika fainali ya kwanza katika historia yao, Subban akiwa uwanjani, huku Montreal wakitolewa na New York Rangers katika raundi ya kwanza. Na Weber, je, alicheza mechi ngapi? Kati ya 2016 na 2021 mguu na goti vilimla, akabaki na mechi 275 za msimu wa kawaida katika misimu 5, na baada ya fainali ile ya 2021 hakucheza tena, mkataba wake ukiwa bado na miaka 5 mbele. Na wa pili atarudi: Subban naye Nashville hawakumaliza naye. Walimpeleka New Jersey 2019, akachuja, akastaafu 2022 akiwa na miaka 33.

Wanaweza kuendelea hivyo hadi asubuhi, na wamekuwa wakiendelea kwa miaka. Tatizo la mabishano hayo ni kwamba kila mmoja anachukua matokeo yanayompendeza na kuyafanya hakimu. Goti la mtu halijui meneja alifikiri nini. Tunayoweza kumhukumu nayo meneja ni yale aliyoyajua siku alipotia sahihi, na sababu aliyoitoa. Mkulima anayepanda mahindi kiangazi akabahatika mvua isiyo ya msimu, amevuna, lakini wenye busara kijijini hawatamwiga mwaka unaofuata. Kwa kipimo hicho nasema: Bergevin alibadilisha kijana kwa mzee, mkataba mfupi kwa mrefu, mchezaji aliyependwa kwa aliyeheshimiwa, na hakutoa maelezo ya kutosha. Ukosoaji wa siku ile ulikuwa wa haki, na fainali ya 2021 haiufuti.

Pale Edmonton kipimo hicho ni rahisi zaidi. Taylor Hall alitwaa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi mwaka 2018, akiwa na jezi ya New Jersey. Meneja aliyemtoa, Peter Chiarelli, aliachishwa kazi Januari 2019. Kule hakuna mengi ya kubishania.

Lakini nimesema makosa ya vyombo vya habari yapo, na shabiki mwenye mashaka ana haki ya kuuliza maikrofoni ni ya nani. Montreal hili ni swali zito. Kampuni ya simu na utangazaji ya Bell wakati ule ilikuwa na hisa katika klabu, jina lake liko kwenye uwanja, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na runinga ya RDS iliyoonyesha mechi kwa Kifaransa na redio ya Kiingereza iliyozitangaza. Upande wa pili alikuwepo Quebecor, mwenye Journal de Montréal na TVA Sports wakati ule, ambaye alikuwa anataka kurudisha timu ya NHL katika jiji la Québec na tayari alikuwa mwendeshaji wa uwanja mpya uliofunguliwa huko 2015. Tarehe 22 Juni 2016, wiki moja kabla ya Subban kuondoka, ligi ilikubali ombi la Las Vegas na kuliweka kando la Québec.

Simtuhumu mwandishi yeyote kuandika kwa amri ya tajiri. Wapo waliofanya kazi kwa tajiri na wakamkosoa hadharani, na hao nawavulia kofia. Nasema tu kwamba msikilizaji ajue. Akisikia mchambuzi anamtetea meneja, ajue mchambuzi huyo analipwa na nani. Akisikia anamponda, ajue vilevile. Kituo kinachoheshimu wasikilizaji wake kingewaambia chenyewe.

Watu wa Montreal wana kumbukumbu ndefu kuhusu kunyamazishwa. Katika miaka ya 1950 shujaa wao Maurice Richard alikuwa na safu yake katika gazeti la Samedi-Dimanche. Januari 1954 alitumia safu hiyo kumwita rais wa ligi, Clarence Campbell, dikteta, kwa sababu ya adhabu aliyopewa mchezaji mwenzake. Campbell hakujibu hoja. Richard alilazimishwa kuomba radhi, akaweka dhamana ya dola 1,000, na safu ikafa. Machi mwaka uliofuata, baada ya ugomvi wa uwanjani huko Boston, Campbell akamfungia Richard mechi zote zilizobaki pamoja na mtoano. Tarehe 17 Machi 1955 Campbell akaja mwenyewe uwanjani Montreal kutazama mechi. Watu wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka, mechi ikavunjika, na mtaa wa Sainte-Catherine ukavunjwa vioo usiku kucha. Siku iliyofuata ni Richard huyohuyo aliyepelekwa redioni kuwaomba watu watulie, na wakatulia. Waliomfungia kinywa mwaka mmoja kabla, sasa walikihitaji.

Na kuna Desemba 1995. Oktoba ya mwaka ule klabu ilimfukuza meneja Serge Savard, aliyewaletea makombe ya 1986 na 1993, ikamweka Réjean Houle ambaye alikuwa hajawahi kuongoza timu, na kocha akawa Mario Tremblay ambaye alikuwa hajawahi kufundisha ligi hiyo. Tremblay alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kazi ya utangazaji. Tarehe 2 Desemba Detroit wakaja na kushinda 11 kwa 1, na kocha akamwacha kipa Patrick Roy langoni mpaka akafungwa mabao 9 mbele ya watu wake waliokuwa wakimzomea. Roy alipotolewa alipita nyuma ya benchi hadi kwa rais wa klabu akamwambia hii ndiyo mechi yake ya mwisho Montreal. Siku 4 baadaye akapelekwa Colorado, timu iliyokuwa imehama kutoka jiji la Québec kiangazi cha mwaka uleule, yaani mahasimu wenyewe. Juni 1996 Roy akanyanyua kombe akiwa nao.

Nalitaja hilo kwa sababu linaumiza pande zote mbili. Linaonyesha kwamba mtangazaji aliyezoea kukosoa si lazima ajue kuongoza, na wanaowadharau wachambuzi wanapenda kulikumbusha. Sawa. Lakini linaonyesha pia klabu iliyofanya maamuzi makubwa matatu katika muda usiozidi miezi miwili, yaliyohitaji mtu wa kuibana: huyu meneja mpya ana uzoefu gani, na huyu kocha je? Maswali hayo yangeulizwa kwa ukali Oktoba, pengine Desemba ingekuwa nyingine.

Kuna la mwisho, na hili si la mabao wala mikataba. Julai 2021, wiki chache tu baada ya fainali, Canadiens walimchagua katika raundi ya kwanza kijana aliyekuwa ametozwa faini nchini Uswidi kwa kusambaza picha ya msichana bila ridhaa yake, kijana ambaye mwenyewe alikuwa ameziomba klabu zisimchague mwaka ule. Wapo mashabiki waliosema hayo si ya michezo, waandishi wakae kando. Waandishi hawakukaa kando. Walimuuliza Bergevin, wakawauliza wadhamini, na mwenye klabu, Geoff Molson, akalazimika kuwaandikia watu barua ya wazi ya kuomba radhi. Msichana yule hakuwa na kiti kwenye mkutano wa klabu. Kama waandishi wangenyamaza kwa ajili ya amani ya timu, nani angemsemea?

Bergevin aliachishwa kazi Novemba 2021. Jukwaa la Montreal lilikuwa limeshampa Subban hukumu yake mapema zaidi. Tarehe 2 Machi 2017 aliporudi na jezi ya Nashville, walisimama wakampigia makofi, naye akafuta machozi mbele yao. Kisha mechi ikaanza, Canadiens wakashinda 2 kwa 1 kwa bao la sekunde za mwisho, na jukwaa likashangilia kama kawaida. Hakuna aliyekuwa amepungukiwa na mapenzi kwa timu yake kwa sababu alikuwa amemkosoa meneja wake.

Kwa hiyo nawaomba, mashabiki wa timu yoyote ile mnaonisikiliza jioni hii. Mwandishi akiandika majungu, mkamateni kwayo, mdai ushahidi, mzime redio ikibidi. Lakini akimuuliza kiongozi wa klabu yenu kwa nini amefanya alivyofanya, msimzomee. Subirini jibu.